Kabichi chachu ya Kipolandi haitaki maji manne

Swali: Shikamoo mama. Kwetu ni Arusha, ila niko Wrocław mwaka wa pili sasa, nasoma na kufanya kazi. Jirani yangu ni bibi wa Kipolandi, kila mara ananigongea mlango na sahani ya chakula. Nimemkaribisha Jumapili. Nitampikia kuku wetu wa viungo, lakini pembeni nataka niweke kitu cha kwao, ile kabichi wanayoiita kapusta zasmażana. Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza niliikaanga kama kabichi ya kulia ugali, na nyanya na karoti, ikatoka chachu ya kukunja uso na ngumu kama kamba. Ya pili nikaisuuza maji manne, ikawa kama nyasi zilizolowa. Halafu mimi ni Muislamu, na kila pishi ninaloliona lina nguruwe. Nikiliondoa hilo, bado ni chakula chao?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimecheka hapo kwenye nyasi zilizolowa, maana sahani hiyo naijua. Nimewahi kuipika mwenyewe, tena kwa watu themanini. Nimefanya kazi ya jikoni Poznań miaka 11, mingi kati ya hiyo kwenye stołówka ya kiwanda, yaani kantini, na kapusta zasmażana haikuwa inapita wiki bila kupikwa. Kwa hiyo nikikwambia jambo kuhusu kabichi hii, ujue nimeunguza, nimemwaga, na nimesemwa kwanza.

Mara ya kwanza uliipika kana kwamba uchachu haupo. Mara ya pili ukaufukuza nyumbani. Bibi wa Kipolandi anauacha uchachu ukae, ila anautafutia wenzake: mafuta, kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kitamu, unga uliokaangwa, sukari kiasi cha kudokoa, na muda wa kutosha jikoni. Hayo matano ndiyo pishi lenyewe. Nyama ni la ziada, tutafika huko.

Tuanze na jina, kwa sababu jina limebeba nusu ya maelekezo. Zasmażana (tamka za-sma-zha-na) lina shina moja na zasmażka, na zasmażka ni unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, unaotiwa mwishoni ili mchuzi ushikamane na kabichi. Wewe mara zote mbili hukuweka unga. Ulichopika kinaweza kuwa na jina jingine, lakini hilo hapana. Halafu kuna mtego: kapusta zasmażana hupikwa pia kwa kabichi mbichi, hasa ile changa ya mwezi wa tano na wa sita, na majani ya koperek (dill kwa Kiingereza) juu yake. Kama bibi alikuletea kitu cha kijani kibichi, laini, chenye uchachu wa mbali tu, basi ni hiyo. Kama kilikuwa na rangi ya majani makavu au ya asali na harufu yake ilikutangulia mlangoni, basi ni ya kabichi chachu, kapusta kiszona. Nitadhani ni hii ya pili, maana nyasi zako hazikutokana na kabichi mbichi.

Sasa, uliinunua wapi? Hukusema, na hapo ndipo wengi wetu wageni tunapokwama kabla hata ya kuwasha jiko. Geuza pakiti usome viungo. Kabichi chachu ya kweli imeandikwa kapusta, sól, labda na marchew, yaani kabichi, chumvi na karoti. Ukiona ocet au kwas octowy, hiyo imetiwa siki ili ionekane imechacha wakati haijachacha. Siki inakata ulimi upande mmoja tu, na hata uipike saa mbili haiwi na ladha ya chini. Usitegemee neno la mbele ya pakiti, maana watu wanatumia kiszona na kwaszona kwa kuchanganya. Soma nyuma. Ya chupa iliyokaa rafuni nje ya friji imechemshwa ili idumu. Si haramu kuipika, ila imeshalegea na ladha yake imefifia kidogo. Mimi naipenda ya pipa.

Ya pipa utaipata sokoni. Hapa Poznań mimi naenda Rynek Jeżycki. Kwenu Wrocław mna Hala Targowa, jengo la matofali la tangu 1908, karibu na mto. Ingia, tafuta meza za matango ya chumvi na ndoo nyeupe, pua itakuonyesha. Usione haya kuonja. Sema „Można spróbować?”, na muuzaji atakuchotea kipande kidogo. Mama ninayenunua kwake huinua fungu lote juu ya pipa, analikamua mara moja kwa kiganja, maji yanachuruzika kurudi ndani, ndipo anaweka kwenye mfuko na kupima. Mteja anayemjua anamwambia asikamue sana, kwa sababu anataka yale maji. Mimi ni mmoja wao, na sababu nitakupa.

Unapoonja, jiulize mambo mawili: imechacha kiasi gani, na ina chumvi kiasi gani. Hili linategemea sana mwezi. Kabichi huvunwa vuli. Kuna kijiji kaskazini ya Kraków kinaitwa Charsznica, wenyewe wanajiita makao makuu ya kabichi ya Polandi, na wanaifanyia hadi sherehe yake. Ile inayouzwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja bado ni changa, ina mlio mdomoni na uchachu wa adabu. Ileile ikifika mwezi wa tatu au wa nne imekaa kwenye pipa miezi, inakunja uso kweli. Ndiyo maana pishi lililoandikwa „chemsha dakika 40, usisuuze” linaweza kuwa sawa kwa aliyeliandika vuli na likakutesa wewe wa Pasaka. Ulimi wako ndio utakaoamua, pishi linafuata.

Nikueleze kidogo kilichomo ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kuniandikia tena kwa kila sufuria. Kabichi hukatwa nyembamba, hutiwa chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo, halafu hugandamizwa mpaka itoe maji yake yenyewe na kuzama ndani yake. Zamani ilikanyagwa kwa miguu ndani ya pipa, na wazee wanakusimulia hilo wakicheka. Hakuna hamira wala siki. Bakteria waliokuwa tayari juu ya majani ndio wanaofanya kazi: wanaanza wa jamii ya Leuconostoc, wanaotoa gesi na mapovu, wakishindwa na ukali wa asidi wanawaachia wa jamii ya Lactobacillus, wanaomalizia kwa wiki kadhaa. Ukitoka Arusha hili si geni kwako. Mtindi ni kazi ya ndugu zao hao, na togwa hali kadhalika.

Asidi wanayoitoa kwa wingi ni ile ya maziwa yaliyoganda, na asidi hiyo haipai na mvuke. Siki ukiichemsha bila mfuniko sehemu yake inapaa, ndiyo inayokuchoma macho. Ya kabichi chachu harufu kali itapungua ukiiacha wazi dakika za mwanzo, lakini uchachu wenyewe utabaki sufuriani. Una njia mbili tu: uumwage pamoja na maji, au uusawazishe. Ukimwaga sana unamwaga na chumvi na kila kitu kilichotengenezwa kwenye pipa kwa mwezi mzima. Hizo ndizo nyasi zako.

Na ule ugumu wa mara ya kwanza? Vilevile ni asidi. Mboga iliyo ndani ya asidi inachelewa kulainika, kwa sababu kile kinachogandisha kuta za mboga kinakataa kuyeyuka. Kabichi ya ugali inaiva dakika kumi. Hii ya pipa, ukiipa dakika kumi, bado ni kamba. Wewe ukaiongezea nyanya, asidi juu ya asidi. Kwa sababu hiyohiyo, usijaribu kupika viazi ndani yake kwa matumaini kwamba vitaiva pamoja. Vitakaa vigumu hadi bibi aondoke. Viazi sufuria yake, kabichi sufuria yake.

Nikitaja sufuria: usitumie ya alumini, hata kama umekuja na ile ya mama kutoka nyumbani. Asidi inakula alumini, chakula kinapata ladha ya chuma na sufuria inabaki na madoa. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli.

Haya, Jumapili. Nitakupa kipimo cha kilo moja, ambacho ni kingi kwa watu wawili, lakini kabichi hii kesho yake ni tamu kuliko leo, kwa hiyo hutajuta. Kwa kilo hiyo tafuta vitunguu maji 2 vya kadiri, siagi gramu 50 na mafuta ya kula kijiko kimoja, unga wa ngano vijiko 2 vya chakula bila kilima, majani 2 ya laurowy (yale makavu ya kijivu, jina kamili kwenye pakiti ni liść laurowy), punje 4 za ziele angielskie ambazo ni za duara, kubwa kuliko pilipili manga, kisibiti nusu kijiko cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai ukianzia, na pilipili manga. Chumvi iache kabatini mpaka mwisho, huenda usiiguse kabisa.

Weka kabichi kwenye bakuli, ikamue kwa mikono miwili fungu kwa fungu, na maji yake yatie kwenye glasi. Usiyamwage, kwa lolote lile. Sasa onja kabichi iliyokamuliwa. Ikiwa inakuvutia, yaani unachukua kipande cha pili bila kujijua, ipeleke jikoni hivyohivyo. Ikiwa inakukunja, isuuze mara moja, maji baridi, haraka, kisha ikamue tena. Mara moja! Ikiwa bado inakushinda, basi ichemshe dakika tano na umwage hayo maji ya kwanza, ndipo uanze na maji mapya. Sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo, hata kwa ile ya mwezi wa nne. Mwenye presha nyumbani, kusuuza huko mara moja kunampunguzia chumvi pia.

Halafu ikate. Hili watu wanaliruka, na ndilo linaloonyesha mpishi na asiye mpishi. Kabichi ya pipa ina nyuzi ndefu. Usipoikata, mgeni anainua uma na nusu ya sahani inaning'inia. Itandaze kwenye ubao, pitisha kisu mara tatu nne huku, geuza ubao, mara tatu nne kule. Basi.

Iweke kwenye sufuria, mimina maji ya moto mpaka yakaribie kuifunika, tia yale majani, punje na kisibiti. Dakika 10 za mwanzo acha wazi, fungua na dirisha, jirani wa juu atajua unapika nini lakini ni Mpolandi, hatashangaa. Kisha funika nusu, moto mdogo, iendelee dakika 35 au 40. Chungulia mara mojamoja. Maji yakikauka ongeza nusu kikombe. Unatafuta kabichi inayokatika kwa meno bila vita lakini bado ina umbo, si uji. Kuna kabichi zinazotaka saa nzima na zaidi, usizigombeze.

Nisimame kidogo kwenye kisibiti, kwa sababu hapa ndipo nilipolisha watu themanini kitu cha ajabu. Kwa Kipolandi kinaitwa kminek. Wiki yangu ya pili pale kantini mpishi mkuu akaniambia nitie kminek, kiganja kizima, kwenye masufuria mawili ya lita 20. Nikafungua kabati, nikaona kopo limeandikwa kmin rzymski. Nikalinusa, nikasema moyoni, ah, hii naijua, bizari nyembamba, ya pilau. Nikatia viganja viwili kwa furaha. Baada ya robo saa jiko zima linanukia pilau ya harusi ya Tanga, na mpishi mkuu amesimama mlangoni ananyoosha pua hewani kama mtu aliyepotea njia. Wafanyakazi walikula, mmoja akauliza kama leo ni chakula cha Kihindi. Punje za kisibiti na za bizari nyembamba zinafanana sana kwa macho, nyembamba zenye mistari, lakini kisibiti kimepinda kama mwezi mchanga, ni cheusi kidogo, na harufu yake iko karibu na ya mkate mweusi wa huku. Ndicho kinachosaidia tumbo lisijae gesi, au ndivyo wazee wa huku wanavyoamini. Kama hukipati acha kabisa. Usibadilishe kwa bizari, ukaja kuniambia mama ndiye aliyesema.

Kabichi ikikaribia kuiva, anza zasmażka kwenye kikaango. Siagi na kile kijiko cha mafuta, vitunguu vilivyokatwa vidogo, moto wa wastani. Usiharakishe vitunguu hivi. Vipe dakika 10 hadi 12, viwe rangi ya dhahabu iliyokolea, maana utamu wao ndio unaokuja kuamkiana na uchachu. Hapo nyunyiza unga, koroga bila kuacha. Mwanzo utaona unga unanyonya mafuta na kuwa kama mchanga uliolowa. Endelea dakika mbili tatu. Rangi ikielekea ya karanga, na harufu ikiacha kuwa ya unga mbichi ikawa kama ya karanga zinapoanza kuiva kwenye sufuria, epua. Ukipita hapo kidogo tu ni uchungu, na uchungu pamoja na uchachu hauna dawa.

Usiumimine huo unga moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka, utakusanya madonge. Chota upawa mmoja wa maji ya kabichi, umimine kwenye kikaango kidogokidogo huku ukikoroga, mpaka upate rojo laini. Rojo hilo ndilo unalorudisha kwenye kabichi. Koroga, acha moto mdogo dakika 5 hadi 10 ili unga uive. Utaona mabadiliko mbele ya macho yako: maji yaliyokuwa yanaogelea chini yanapotea, kabichi inang'aa, inakuwa nzito. Pitisha mwiko chini ya sufuria. Njia ikibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, umefika. Kwenye sahani inatakiwa ikae kilima. Ikitambaa kuelekea kwa kuku, ina maji mengi, iache wazi jikoni dakika chache zaidi.

Sasa ndipo unapoonja kwa makini, na ndipo ile glasi ya maji uliyoikamua mwanzo inapopata kazi. Tia sukari kijiko kimoja cha chai, koroga, subiri dakika, onja. Hutakiwi kuuona utamu, unatakiwa uone tu kwamba uchachu umeacha kugombana. Ikiwa sasa imepoa mno, imekuwa ya kitoto, rudisha kijiko kimoja kimoja cha yale maji. Hayo ni kama breki na mafuta ya gari mikononi mwako. Ukiwa umesuuza maji manne huna breki wala mafuta, unasukuma tu. Maliza na pilipili manga, ya kusagwa hapohapo kama unayo.

Tuje kwenye nguruwe. Ni kweli, toleo la kila siku lina smalec, mafuta yake, au boczek, nyama ya tumbo lake ya kukaushwa kwa moshi, iliyokatwa vipande na kukaangwa na kitunguu. Wapolandi wana usemi kwamba kabichi inapenda mafuta, na mafuta waliyokuwa nayo wengi vijijini ni hayo. Lakini mwulize huyo bibi anapika nini tarehe 24 Desemba. Usiku huo unaitwa Wigilia, ndio mkubwa kuliko yote nyumbani kwao, meza ina vyakula 12, na kwa mila hakuna nyama hata chembe. Na kabichi chachu ipo! Inapikwa kwa mafuta ya mimea au siagi, pamoja na uyoga mkavu wa msituni, au pamoja na groch, njegere kavu zilizokobolewa na kupasuliwa. Kwa hiyo unapoondoa nguruwe, hupunguzi Upolandi wa chakula. Umehamia tu kwenye usiku wao mtakatifu zaidi.

Kinachokosekana bila boczek ni moshi na ule uzito wa nyama. Uyoga mkavu unaufidia vizuri sana. Chukua gramu 20, uloweke maji ya uvuguvugu usiku kucha au angalau saa mbili, ukate vidogo, uutie kwenye kabichi tangu mwanzo. Maji ulimoloweka yatie pia, ila yachuje kwa kitambaa, chini huwa kuna mchanga. Njia nyingine ninayoipenda ni plamu zilizokaushwa kwa moshi. Kuna za Małopolska zinaitwa suska sechlońska, tatu tu zilizokatwa vipande zinatosha kilo nzima, zinaleta moshi na utamu kwa mkupuo mmoja, hapo sukari unaweza kuisahau. Kama duka la halali liko karibu, ng'ombe au bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi pia anafaa, ingawa mbele ya kuku wako naona ni wingi wa nyama bila sababu.

Ukitaka ya njegere, njegere zipike pembeni mpaka zivurugike, ndipo uzichanganye mwishoni na hapo hata unga hauhitajiki sana. Ukizipika ndani ya kabichi, unajua sasa kitakachotokea.

Angalizo moja la nje ya nyumba: kabichi iliyokwisha pikwa ya chupa au ya bar mleczny, ile migahawa yao ya bei nafuu, mara nyingi ina mafuta ya nguruwe hata kama huoni kipande cha nyama. Maneno ya kutafuta ni smalec, słonina, boczek, wieprzowy. Ukiuliza „Czy to jest na smalcu?” watakujibu vizuri, hawakasiriki.

Na kama Jumapili asubuhi umechelewa kuamka, kuna njia ya dakika 15. Surówka. Kabichi chachu nusu kilo, ikamue kidogo, ikate, ikwangulie karoti moja na tufaa moja, kitunguu nusu kilichokatwa vidogo sana, vijiko 3 vya mafuta, sukari kidogo, pilipili manga. Haipikwi. Iache ikae ikilowana. Ni hiyo wanayokula na samaki wa kukaanga siku za Ijumaa, na kwa kuku wa viungo, nikisema ukweli wangu, inaendana hata kuliko ile ya kupika, kwa sababu inafanya kazi ya kachumbari. Lakini wewe umeahidi zasmażana, pika zasmażana.

Ipike Jumamosi jioni. Ikipoa ihamishie kwenye chombo cha kioo au plastiki, iingie friji. Jumapili ipashe kwa moto mdogo na vijiko viwili vitatu vya maji, maana unga utakuwa umeikaza, onja tena, uchachu huwa umetulia usiku. Pembeni weka viazi vya kuponda. Kabichi hii na viazi ni kama maharage na wali. Kuku wako mpunguzie ndimu, meza isije ikawa na uchachu pande zote. Bibi mpakulie kidogo kwanza, atajiongeza mwenyewe, wa umri huo hawapendi kuacha chakula kwenye sahani na utamtesa ukimjazia.

Mkiwa mezani mwambie kwenu ni Arusha, umuulize kama amewahi kusikia Tengeru. Kuanzia 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi pale, karibu watu 5,000, wengi wao kina mama na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda Umoja wa Kisovieti na kutoka huko kupitia Iran. Makaburi yao yapo mpaka leo. Baadhi ya wazee wa huku wana shangazi au jirani aliyekulia huko, na ukilitaja hilo jina chai inaweza kupoa.

Yale maji ya kabichi yakibaki kwenye glasi, usimwage. Mpe bibi. Wapolandi wengi wa umri wake wanayanywa hivyohivyo.